Fundi Anajibu: Tela, Mlima wa Kitonga na Giaboksi Inayochemka

*Shikamoo fundi. Mimi ni mkulima wa viazi Uwemba, Njombe. Nina Hilux dabo kebini ya dizeli, lita 3.0, otomatiki. Mwaka jana nilichongesha tela la eksile mbili ili nisitegemee tena Fuso za watu. Nashusha viazi hadi Morogoro, narudi na mbolea. Shida inaanza Kitonga wakati wa kupanda: injini inalia sana lakini gari haliendi, gia inapanda na kushuka yenyewe, na nikikaribia Ilula nasikia harufu ya kitu kilichoungua. Siku hizi asubuhi nikiweka D, gari linasubiri kidogo ndipo linashika. Fundi mmoja kasema niongeze oili. Mwingine anataka kushusha giaboksi afanye ovahoo. Injini yenyewe ni nzima kabisa. Nifanyeje?*
*— Mkulima wa viazi, Uwemba*

Marahaba, ndugu yangu. Usikubali giaboksi ishushwe kwanza, wala usiongeze oili hata tone kabla ya kuipima. Na tela lipumzishe mpaka ufanye haya ninayokueleza.

Barua yako imenipa karibu kila kitu isipokuwa kimoja: kilo. Wengi wanaovuta tela wakija gereji kwangu hapa Ipogolo hunitajia ukubwa wa injini, hunitajia turbo, lakini uzito wa mzigo hawaujui. Basi tupige hesabu pamoja. Mfuko wa mbolea una kilo 50. Ukipakia mifuko 40 kwenye tela, hizo ni tani 2. Tela la kuchongesha mtaani, la chuma na eksile mbili, ni nadra kuwa chini ya kilo 600. Tayari unavuta tani 2.6, na bado hatujahesabu mifuko iliyoko kwenye bodi ya pikapu, abiria wawili na tangi la dizeli lililojaa. Wakati wa kushuka na viazi huenda hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ya lumbesa. Gunia ambalo kisheria halitakiwi kuzidi kilo 100, likishonewa kile kilemba cha juu linafika 130 bila mtu kushtuka. Magunia 20 ya namna hiyo ni kilo 2,600 kabla ya kuhesabu chuma cha tela.

Sasa fungua kitabu cha gari lako. Kwa pikapu za dizeli za daraja hili utakuta namba mbili. Ya kwanza ni ya tela lisilo na breki, na mara nyingi ni kilo 750. Ya pili ni ya tela lenye breki zake lenyewe, na hiyo hutofautiana kulingana na mwaka na injini, mara nyingi kati ya kilo 2,250 na 3,500. Hukuniambia kama tela lako lina breki. Kama fundi wa kuchomelea aliyekutengenezea aliweka eksile mbili na matairi manne akaishia hapo, basi unavuta zaidi ya mara tatu ya kile gari lako linachoruhusiwa, tena unashuka nalo Kitonga. Hilo linanitia hofu kuliko giaboksi. Tafadhali sana, weka breki kwenye tela kabla ya kununua spea nyingine yoyote.

Tupite kwenye mizani ya ghala lolote la mahindi, ujue uzito wa kweli. Kisha tuje kwenye harufu.

Otomatiki haina klachi ya mguu. Kati ya injini na gia kuna konveta. Fikiria mapangaboi mawili yanayotazamana ndani ya chombo kilichojaa oili: moja linazungushwa na injini, linasukuma oili, na oili inalizungusha la pili. Gari likiwa jepesi, mapangaboi hayo yanakaribia kwenda mwendo mmoja. Mzigo ukiwa mkubwa na mwendo ukiwa mdogo, la injini linakimbia na lile jingine linachelewa. Nguvu yote inayopotea katikati haiendi popote, inageuka kuwa joto ndani ya oili. Ndiyo maana injini inalia na gari haliendi. Nguvu ya injini yako inapikia oili.

Wenye kutengeneza magari wanajua hilo, kwa hiyo ndani ya konveta wameweka klachi ndogo inayofunga mapangaboi yote mawili yawe kitu kimoja gari likishika mwendo. Unaweza kuiona ikifanya kazi. Siku ukiwa huna tela, nenda barabara tambarare kwa mwendo wa 80 usiobadilika, tazama mshale wa mizunguko ya injini. Utauona unashuka mara moja, kama mizunguko 200 au 300, bila gia kubadilika. Hapo imefunga. Ukikanyaga mafuta kidogo na mshale unapanda pamoja na mwendo, bado imefunga. Mshale ukiruka na mwendo ukabaki pale pale, imeachia. Kwa anayevuta tela, kazi kubwa ya dereva ni kuifanya klachi hiyo ibaki imefunga muda mrefu iwezekanavyo.

Na Kitonga ndipo inapokataa kufunga. Unatoka Ruaha Mbuyuni, bonde la mibuyu lenye joto kali, oili tayari iko moto. Unaingia mlimani, mbele yako kuna semi limebeba saruji linatambaa kilomita 10 kwa saa. Nawe umeacha lever kwenye D. Kompyuta inajaribu gia ya juu, inashindwa, inashusha, inajaribu tena. Kila ikibadilisha, pleti za ndani zinasuguana, na katikati ya mabadiliko konveta iko wazi kabisa. Dakika chache za namna hiyo zinaumiza giaboksi kuliko safari nzima ya kutoka Mikumi.

Oili ya giaboksi otomatiki hufanya kazi vizuri ikiwa na joto la nyuzi 80 hadi 95 hivi. Ikipita 120 inaanza kuharibika upesi, inapoteza utelezi na kuacha ukoko. Ikikaribia 150 sili za mpira zinakuwa ngumu. Sili ikishakuwa ngumu haikamati vizuri gari likiwa baridi, na presha ya oili inachelewa kujaa. Ule ucheleweshaji wako wa asubuhi kwenye D unaweza kutokana na hilo, au oili imepungua tu. Ndiyo sababu nimesema pima kwanza.

Kama giaboksi yako ina kijiti cha kupimia, liendeshe gari kama dakika 20 lipate joto, simama tambarare, injini ikiwaka na breki umekanyaga, pitisha lever kwenye kila gia taratibu, rudisha P, kisha vuta kijiti usome upande ulioandikwa HOT. Kama haina kijiti, na matoleo ya karibuni mengi hayana, kipimo kinafanywa kwa boliti iliyo chini ya sampo (trei la oili lililo chini ya giaboksi), injini ikiwaka, oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na mtengenezaji. Hiyo si kazi ya kubahatisha chini ya mwembe, mpe fundi mwenye mashine ya kusoma joto.

Ukishapata oili, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Subiri. Oili nzima itatanuka na kubaki nyekundu, au wekundu uliofifia. Oili iliyochoka inakuwa ya kahawia. Oili iliyoungua ni nyeusi katikati, haitanuki vizuri, na ukiinusa inakera pua. Halafu sugua tone jingine kati ya kidole gumba na cha shahada: ukihisi chengachenga, hayo ni mabaki ya pleti. Wakati wa kufungua sampo mtazame fundi anapotoa zile sumaku ndogo za chini. Ukungu wa kijivu, laini kama masizi, ni wa kawaida. Vipande vinavyong'aa au magamba meusi vikitokea, yule aliyetaka kufanya ovahoo alikuwa sahihi.

Ikiwa ni ya kahawia tu bila chenga, tuna matumaini makubwa. Shusha sampo, badilisha filta na gasketi, jaza oili ya aina ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu. Narudia, aina ile ile: WS si T-IV, na T-IV si Dexron, hata kama zote ni nyekundu na muuza duka anakuapia kuwa ni moja. Kwa kufungua sampo unatoa chini ya nusu ya oili, iliyobaki iko ndani ya konveta. Basi endesha siku chache bila tela, mwaga tena, jaza tena, na mara ya tatu kama mfuko unaruhusu. Mashine za kusukuma oili kwa presha mimi sizitumii kwenye giaboksi iliyokwisha kuungua. Zinang'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye vali. Vile vichupa vya dawa ya giaboksi navyo viache dukani, hela yake tia kwenye kipozeo.

Hapo kwenye kipozeo ndipo ningependa utumie pesa. Oili ya gia yako inapozwa na kijirejeta kidogo kilichofichwa ndani ya rejeta ya injini. Maana yake haiwezi kuwa baridi kuliko maji ya injini, na maji yakichemka nayo inachemka. Weka kipozeo cha nje, mbele ya rejeta, kinachopokea oili ikishatoka ndani ya rejeta. Nunua chenye thamostati. Nyie wa Njombe mnaamka na ukungu na baridi kali mwezi wa sita na wa saba, na oili iliyo baridi mno nayo haifanyi kazi yake. Fundi akishafunga, hakikisha mipira ni ile ya oili ya giaboksi, na imebanwa mbali na mabomba ya moshi. Mpira wa maji hautakuchukua hata hadi Makambako.

Usisahau rejeta yenyewe. Ikioza ndani, maji na oili vinakutana, na ukifungua mfuniko wa rejeta unaona kitu kizito cha rangi ya waridi kama mtindi wa stroberi. Ukiliona hilo usiwashe gari tena. Pleti za otomatiki zimegandishwa kwa gundi, na maji yanaibandua.

Ongeza na geji ya joto la oili ya gia kwenye dashibodi. Taa ya A/T OIL TEMP ya kiwandani huwaka mambo yakiwa yameshaharibika. Geji inakuambia mapema. Ikifika 110, punguza mwendo na shusha gia. Ikifika 120, tafuta pa kuegesha, weka P, na usizime injini: iache izunguke kwenye 1,200 au 1,500, maana pampu ya oili inazungushwa na injini, na ukiizima, oili iliyo moto inabaki pale pale ikipikika.

Sasa udereva. Kabla ya mlima, siyo katikati yake, zima O/D (gia ya juu kabisa) kama una kitufe, au vuta lever kwenye 3, na kwa Kitonga uwe tayari kwa 2. Injini yako inavuta vizuri ikiwa kati ya mizunguko 2,000 na 3,000. Iache ilie kwa raha, dizeli haiumii kwa hilo. Nyuma ya semi usimng'ang'anie kwa kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka. Mwachie nafasi, utembee polepole bila kusimama. Usitumie L4 (fowili ya gia fupi) kwenye kona za lami kavu za Kitonga, gari lako halina difu ya katikati na transfa, ile giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, itajifunga. Pumzika Ruaha Mbuyuni oili ipoe, panda alfajiri ukiweza. Na wale kina mama wa vitunguu pale, nunua debe moja la nyumbani, siyo gunia mbili za juu ya mzigo.

Wakati wa kushuka na viazi, gia unayoshukia iwe ile ungepandia. Breki zikishachemka hakuna gia itakayokuokoa, na sote tunaopita barabara ile tumeona malori yaliyolala bondeni.

Mwisho kwako: asilimia 10 hivi ya uzito wa tela ikae kwenye shingo, juu ya kile kichuma cha duara. Mzigo ukirundikwa nyuma, tela linapiga mkia. Panga magunia mazito juu ya eksile na mbele yake kidogo. Niandikie tena ukishaona rangi ya tone lako.

*Habari za kazi, fundi. Natoa boti ya faiba baharini hapa Pangani kwa Land Cruiser pikapu, injini ya 1HZ, gia za mkono. Mteremko wa saruji ni mkali na maji yakipwa unakuwa mrefu. Klachi imeungua tena, si muda mrefu tangu nibadilishe. Wenzangu wanasema klachi za siku hizi ni feki. Wengine wanasema L4 inaharibu gari kwenye saruji, kwa hiyo huwa natumia gia ya kwanza ya kawaida.*
*— Nahodha, Pangani*

Salama, nahodha. Feki zipo, lakini hata klachi halisi haitadumu kwa kazi hiyo. Gia ya kwanza ya kawaida ni ndefu mno kwa boti yenye tela inayotoka majini. Unalazimika kushikilia pedali nusu nusu hadi juu, na muda wote huo diski inasuguliwa. Ukiingiza L4, mwendo unapungua kama mara mbili na nusu. Unaachia pedali yote ndani ya mita ya kwanza, na kutoka hapo klachi haifanyi kazi tena, injini inapanda yenyewe kwa resi ndogo.

Hofu ya wenzako ina ukweli kidogo. L4 kwenye sakafu kavu, ukikata kona, inabana eksile ya mbele na ya nyuma. Kwenye mteremko ulionyooka, wenye maji na mwani, haina neno. Na kama pikapu yako ina zile habu za mbele za kufungua kwa mkono, kuna njia nzuri zaidi: ziache kwenye FREE, kisha ingiza L4. Unapata gia fupi, magurudumu ya mbele hayavutwi, na unaweza kukata kona bila kubana kitu. Ila hapo nguvu yote inakwenda nyuma, kwa hiyo resi iwe ya upole. Matairi yakianza kuteleza, zungusha habu kwenye LOCK.

Klachi mpya ikifungwa, fundi asagishe uso wa flaiwili kama una madoa ya bluu ya joto, na abadilishe rilizi beringi pamoja nayo. Na mguu wako wa kushoto ukae sakafuni, siyo juu ya pedali.

Kitu hujauliza, lakini kwa mtu wa bahari lazima nikiseme. Umetoka safari, difu ya nyuma iko moto, unairudisha moja kwa moja majini. Hewa ya ndani inapoa ghafla, inajikunja, na difu inavuta maji ya chumvi kupitia sili na kile kibomba cha kupumulia. Ndugu yangu, hilo linaua difu kimyakimya. Chukua mpira mwembamba, unganisha kibomba hicho, upandishe hadi juu ya chesisi nyuma ya kabini. Fanya hivyo kwa difu zote mbili, giaboksi na transfa. Beringi za tela nazo uzipe muda wa kupoa kabla ya kuzamisha. Kila mwezi legeza boliti ya juu ya difu, chovya kidole: oili ikiwa ya maziwa, imwage siku hiyo hiyo.

*Fundi, nimenunua pikapu mpya ya dizeli, otomatiki. Muuzaji anasema oili ya giaboksi ni ya maisha, haibadilishwi. Nitakuwa navuta tela la farasi wangu Arusha hadi Moshi. Nimwamini?*
*— Msomaji, Usa River*

Hapana, dada yangu. Soma kitabu cha matengenezo vizuri, utakuta sehemu ya matumizi magumu, na kuvuta tela kumetajwa humo. Kwa anayevuta mara kwa mara mimi nabadilisha kila kilomita 40,000. Barabara yako haina Kitonga, lakini foleni ya mjini na mzigo unaosimama, unaohama ukiwa hai, vinachemsha oili vilevile. Na kwa kuwa unabeba viumbe, ondoka taratibu na funga breki mapema. Farasi akisukumwa mbele na nyuma, tela linasukuma gari, na gia inabadilika bila sababu.

*Pikapu yangu ya otomatiki, ya kuingiza fowili kwa lever, ilizima kabisa karibu na Voi. Jamaa akanivuta kwa kamba nikiwa kwenye N hadi mjini. Sasa makanika ananiambia tumeua giaboksi. Kweli N inaweza kuua?*
*— Msomaji, Taita Taveta*

Pole sana. Inaweza, ndiyo. Pampu ya oili inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimika, magurudumu ya nyuma yanazungusha shafti za ndani kupitia propela, na hakuna oili inayofika huko juu. Vitabu vingi vya magari huruhusu kilomita chache tu kwa mwendo mdogo, na vingine vinakataza kabisa. Usikate tamaa bado: mwambie makanika afungue sampo atazame sumaku, kama nilivyomweleza mkulima wa Uwemba hapo juu. Kama hakuna vipande, badilisha oili, kisha jaribu gari kwanza.

Siku nyingine gari lipakiwe kwenye lori. Likikosekana, lala chini na spana mbili, toa propela ya nyuma upande wa difu na upande wa transfa, lever ya transfa ikiwa 2H (magurudumu ya nyuma tu), ndipo uvutwe. Kabla ya kulegeza boliti, piga alama ya rangi au mkwaruzo wa patasi kwenye flanji na propela, ili wakati wa kurudisha kila kitu kikae pale pale kilipokuwa. Propela ikirudi upande mwingine, gari litaanza kutetemeka ukifika 80, utahangaika na matairi na beringi bure.